BMK wa Kampala: Biashara na Utumishi kwa Jamii

Bulaimu Muwanga Kibirige, aliyejulikana zaidi kama BMK, alikuwa mwenyeji wa Masaka aliyeingia katika biashara akiwa kijana, akajenga Hotel Africana, na kufariki Septemba 2021. Fahari ya hoteli hiyo, hata hivyo, haizidi thamani ya juhudi zake dhidi ya selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zipinde na kuziba mishipa, kwani aliongoza mfuko wa kuwasaidia wagonjwa, ambao nchini Uganda ni wengi, wakiwemo watoto wa familia zisizomudu matibabu.