Fahamu: Kwa nini kelele za ndege ni hatari kwa masikio ya marubani na wahudumu

Abiria akishuka kwenye ndege, masikio yake hupumzika. Rubani na mhudumu hurudi angani siku ileile, mwaka baada ya mwaka.

Hatari huanzia wapi?
NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi asizidishe desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ndege ndogo za panga boi, kama zile za Cessna Caravan zinazopeleka watalii Maasai Mara na Serengeti, huwa na kelele zaidi kuliko ndege kubwa za jeti.

Sikio huumia vipi?
Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazogeuza sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Muungurumo mkubwa wa muda mrefu huweza kuziua, na zikifa hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: mhudumu anasikia abiria akisema, lakini “s”, “f” na “sh” zinampita. Wengine hubaki na mlio masikioni hata usiku kukiwa kimya.

Kinga ni ipi?
Hedifoni zinazopunguza kelele, vizibo vya masikio wanapokuwa karibu na injini uwanjani, na kupima masikio kila mwaka. Anayetulinda angani naye anastahili kulindwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa seli hizi, tiba ya kuzirudisha haijapatikana.