Je, Wajua? Sarafu Zenye Vina
Mwaka 1984, ardhi ya kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, Pemba, ilitoa sarafu za fedha zaidi ya 2,000! Ni ndogo kama ukucha, nazo zina umri wa zaidi ya miaka 900. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala, mathalani Ali bin al-Hasan. Upande wa pili unamtaja Mungu ambaye mtawala huyo anamtegemea. Na pande hizo zina vina: ubeti mzima kiganjani.

Pamoja na sarafu hizo zilikuwapo pia dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri.

Lakini huku Ziwa Viktoria, zamani simbi za baharini ndizo zilizokuwa pesa. Waganda, ng’ambo ya Mwanza, hadi leo huita pesa ensimbi. Nasi twasema fedha: madini na pesa, neno lilelile.