Kitabu cha Nakala 300: Ugunduzi wa Fasihi ya Kutisha Isiyofuata Kaida kwa Mfano wa Thomas Ligotti

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia njia iliyopitiwa na hadithi za kutisha za mwandishi Mmarekani Thomas Ligotti, kutoka kwa mchapishaji mdogo aliyetoa nakala 300 hadi kuingizwa katika mfululizo wa Penguin Classics mwaka 2015. Inadaiwa kwamba kazi ya namna hii hugunduliwa kwa juhudi ndogondogo za watu wanaoweza kutajwa kwa majina, na kwamba kiungo dhaifu zaidi katika mnyororo huo ni maelezo yanayoandikwa kuhusu kitabu. Mwishoni makala yanagusia maana ya jambo hili kwa fasihi ya Kiswahili inayotolewa nje ya mashirika makubwa ya uchapishaji.

1.0 Kazi isiyotoshea rafu

Fasihi ya kutisha ina kaida zake. Pana mahali palipo shwari, panaingia kitu kiovu, anatokea mtu wa kupambana nacho, na hatimaye mmoja wao hushinda. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu muundo huu hata kama hajawahi kushika riwaya ya kigeni, kwa kuwa ngano za zimwi zimejengwa juu ya mfupa uo huo: watu humezwa, kisha zimwi huuawa na waliomezwa hutoka wakiwa hai. Hofu ya ngano ina mlango wa kutokea. Hadithi za Ligotti, aliyezaliwa Detroit mwaka 1953, zimeuziba mlango huo, na hapo ndipo ugumu wa kuziainisha unapoanzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni “The Red Tower”, yaani Mnara Mwekundu. Hadithi hiyo haina mhusika kwa maana ya kawaida. Kinachosimuliwa ni kiwanda: jengo jekundu lililochakaa, limesimama peke yake katika nchi ya kijivu isiyo na uhai, na hapo zamani lilitengeneza vitu vya ajabu visivyo na matumizi. Msimulizi hajawahi kukiona kiwanda hicho. Anakusanya uvumi wa watu wengine. Kadiri maelezo yanavyoshuka kwenye ghorofa za chini ya ardhi ndivyo bidhaa zinavyoanza kufanana na viumbe hai, na msomaji hugundua kwamba anaogopa ilhali hakuna anayekimbizwa, hakuna aliyeuawa na hakuna wa kuhurumiwa. Kimuundo, hii ni ripoti. Anayezoea kusoma ripoti za viwanda na za miradi ataitambua sauti yake mara moja, na huenda ataipata hadithi hii kuwa ya kutisha zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Kazi nyingine, “Notes on the Writing of Horror: A Story”, hujifanya kuwa insha ya ufundi. Mwalimu wa uandishi anachukua kisa kimoja cha kijana aliyenunua suruali, kisha anaonyesha jinsi kisa hicho kingeandikwa kwa mbinu ya kihalisia, kwa mbinu ya kigothi na kwa mbinu ya kimajaribio. Mwanzoni maelezo ni ya darasani, tena yana kichekesho. Polepole inadhihirika kwamba mwalimu mwenyewe hayuko salama nje ya mifano yake. Mkutubi akikisoma kichwa cha habari peke yake ataiweka kazi hii kwenye rafu ya taaluma ya uandishi, na hatalaumika.

Katika “The Town Manager” wakurugenzi wa mji mmoja hutoweka mmoja baada ya mwingine, na kila anayekuja huleta maagizo mapya yanayougeuza mji kuwa kitu kisichoeleweka. Wakazi hutii kila mara. Washauri wa sera wangefaidika kuisoma hadithi hii, ingawa si kwa ajili ya usingizi mzuri.

2.0 Watu walioishika kazi mkononi

Ligotti alianza kuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika majarida madogo ya wapenzi wa fasihi ya ajabu. “The Chymist” ilitoka mwaka 1981 katika jarida la Nyctalops, lililohaririwa na Harry O. Morris. Morris huyo huyo, ambaye pia ni msanii wa picha, ndiye aliyetoa mkusanyiko wa kwanza wa Ligotti, Songs of a Dead Dreamer, yaani Nyimbo za Mwotaji Aliyekufa, katikati ya muongo huo kupitia Silver Scarab Press. Zilichapwa nakala 300. Michoro ilikuwa ya Morris, na dibaji iliandikwa na Ramsey Campbell, mwandishi Mwingereza aliyekuwa tayari na jina kubwa katika utanzu huu.

Dibaji hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Nakala 300 haziwezi kumfikia msomaji wa kawaida. Hufikia watu mia chache ambao wengi wao tayari wanajuana. Lakini jina la Campbell lilizifanya nakala hizo kuwa hoja ambayo mchapishaji mwingine angeweza kuipima. Mwaka 1989 shirika la Robinson la London lilitoa toleo lililorekebishwa na kupanuliwa, na mwaka uliofuata Carroll & Graf wakalitoa New York. Mkusanyiko wa pili, Grimscribe, ulifuata mwaka 1991, na Noctuary mwaka 1994.

Humo ndani ya Grimscribe imo “The Last Feast of Harlequin”, iliyotangulia kuchapishwa mwaka 1990 katika The Magazine of Fantasy & Science Fiction, jarida lililosomwa na umma mpana kuliko Nyctalops. Mhusika mkuu ni mwanaanthropolojia anayetafiti machale, yaani wachekeshaji wanaojipaka rangi usoni. Anausikia mji wenye sherehe ya majira ya baridi, anakwenda kufanya utafiti wa uwandani kwa kushiriki, na anagundua kwamba mwalimu wake wa zamani ametangulia kufika huko. Hadithi imetabarukiwa kwa kumbukumbu ya H. P. Lovecraft na inafuata kaida kuliko nyingi za Ligotti. Si sadfa kwamba ndiyo iliyopewa nafasi katika jarida kubwa. Mwandishi asiyefuata kaida mara nyingi huingia kwa mlango wa kazi yake iliyo karibu zaidi na kaida, na mtafiti anayeishia kwenye kazi hiyo humfahamu nusu tu.

Kutambuliwa rasmi kulikuja mwaka 1996, pale “The Red Tower” ilipopata tuzo ya Bram Stoker katika kundi la hadithi ndefu, na mkusanyiko The Nightmare Factory uliokuwa nayo ukapata tuzo hiyo katika kundi la mikusanyiko. Mwaka 2003 Darrell Schweitzer alihariri kitabu kizima cha insha za uhakiki kuhusu mwandishi huyu. Teatro Grottesco ilitoka mwaka 2006, tena kwa mchapishaji mdogo, Durtro.

Jambo moja katika wasifu wa Ligotti lina kejeli ambayo haihitaji kutiwa chumvi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 2001, aliajiriwa na Gale Research ya Michigan, kampuni inayotengeneza vitabu vya rejea na mikusanyo ya uhakiki wa fasihi vinavyotegemewa na maktaba. Mchana alikuwa miongoni mwa watu wanaowasaidia wasomaji kuwagundua waandishi wengine; vitabu vyake mwenyewe viliendelea kupita mikononi mwa wachache.

Mara nyingi hadithi ya ugunduzi wake huanzishwa mwaka 2014, ilipoonyeshwa tamthilia ya televisheni True Detective na mwandishi wake, Nic Pizzolatto, akakiri katika mahojiano kuathiriwa na The Conspiracy against the Human Race, kitabu cha Ligotti cha falsafa kilichotolewa mwaka 2010 na Hippocampus Press. Usimulizi huo unavutia lakini unaruka hatua. Televisheni iliwapa watu jina la kutafuta. Kilichowafanya wakute kitu ni kazi ya Morris, Campbell, Schweitzer na wachapishaji wadogo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2015 Penguin Classics ilipoiunganisha mikusanyiko miwili ya kwanza katika juzuu moja, dibaji ikiwa ya Jeff VanderMeer, ilikuwa inathibitisha uamuzi uliokwisha kufanywa na watu wasio na mamlaka yoyote ya kitaasisi.

3.0 Upande wa Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili inao mfano wa kulinganishwa, ingawa njia yake ilikuwa nyingine. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba vinavyoikana kaida ya riwaya ya kihalisia kwa ukali usiopungua wa Ligotti, na wahakiki walibishana kama ni riwaya au la. Hata hivyo havikupotea. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mchapishaji wake alikuwa shirika la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa watu ambao kazi yao ni kuandika kuhusu vitabu. Darasa lilifanya kazi iliyofanywa na jarida la Morris huko Marekani.

Swali zito ni la mwandishi asiye na darasa wala jarida. Fasihi pendwa ya Kiswahili ina historia ya waandishi waliogeuka wachapishaji, Ben Mtobwa na shirika lake la Heko akiwa mfano unaojulikana sana. Riwaya ya upelelezi ya namna hiyo ilikuwa na bahati moja: msomaji alijua anachonunua. Kitabu cha kutisha kisicho na jini, mchawi wala muuaji, kilichotolewa na mwandishi mwenyewe kwa nakala mia chache, hakina hata hilo. Kikiorodheshwa chini ya “hadithi fupi” pekee, kimezikwa. Kikiorodheshwa chini ya “ushirikina”, kimezikwa kaburi jingine.

Ukanda huu sasa unapanua nafasi rasmi ya Kiswahili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa aina hiyo mwaka 2022. Mjadala wa nini kisomwe huelekea haraka kwenye vitabu vya kiada, jambo linaloeleweka, lakini lugha hukua pia katika vitabu ambavyo hakuna aliyeamriwa kuvisoma. Sheria za kuwasilisha nakala za machapisho kwa mamlaka za umma zipo katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo. Sheria hizo huhifadhi karatasi. Hazimlazimu yeyote kusema ndani ya karatasi mna nini, na kwa kazi zilizovunja kaida hilo ndilo pengo lenye gharama, kwa kuwa kichwa cha kitabu na jina la utanzu havimsaidii anayetafuta.

Kuliziba hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mkutubi, mwanafunzi wa uzamili au mhariri wa jarida aliyekisoma kitabu na kupewa nafasi ya kuandika sentensi mbili za umbo lake: kwamba kinajifanya insha, kwamba msimulizi hajawahi kuviona anavyovisimulia, kwamba hakina mhusika hata mmoja. Sentensi za namna hiyo zingetosha kumpeleka mtafiti wa masimulizi yasiyo na wahusika moja kwa moja kwenye “The Red Tower”, au kwenye kitabu cha jamii yake kilichochapwa Kampala, Bujumbura au Mombasa, kabla nakala ya mwisho haijafungiwa karanga.