Darubini Moja kwa Kazi Mbili: Porini na Kwenye Shabaha ya Mbali

Darubini ya bunduki inayotakiwa kufaa kwa uwindaji na pia kwa kupiga shabaha za mbali hubebeshwa kazi mbili zinazovutana. Mwindaji hutembea. Mnyama hujitokeza ghafla kati ya miti, katika mwanga hafifu wa alfajiri, na hukaa wazi kwa sekunde chache tu. Anachohitaji ni kuona eneo pana, kwa haraka, kupitia chombo chepesi. Mpiga shabaha amelala kifudifudi, bunduki yake imeegemezwa, shabaha yake haikimbii. Yeye hutaka taswira kubwa, mistari myembamba ya kulengea, na vifundo vya kurekebishia vinavyotii kila anapovizungusha. Ubora wa mmoja ni kasoro kwa mwingine. Hivyo swali la kuanzia ni la nchi yenyewe kabla ya kuwa la duka: risasi nyingi zitapigwa wapi, na kwa umbali gani?

Kuzunguka mji wa Kolwezi, nchini Kongo, jibu liko kwenye miti. Sehemu kubwa ya mkoa wa Lualaba imefunikwa na miombo, msitu wa miti isiyosongamana sana ambao hata hivyo hukata upeo wa macho mapema. Mwindaji anayefuata nsya au ngiri humo mara nyingi hupiga chini ya mita 100, wakati mwingine chini ya 50. Upeo hufunguka kwenye madambo, yaani mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa mvua, na hufunguka zaidi kwenye nyika za juu kama zile za Biano, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambazo wenyeji huziita dilungu. Huko jicho hufika mita 400 au 500 bila kukutana na mti. Wawindaji wengi wa vijijini hutumia pupu, ndilo gobore la wahunzi, au bunduki ya marisau ya kalibra 12, na silaha hizo hazihitaji darubini yoyote. Sura hii inamhusu mwenye rifali yenye kibali anayetaka kuitumia pande zote mbili.

Namba zilizoandikwa kwenye darubini husomeka hivi: 3-15x44 maana yake ni kwamba chombo hukuza taswira kuanzia mara 3 hadi mara 15, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 44. Wanunuzi wengi hukodolea macho namba ya juu. Kwa nchi hii ya miombo, namba ya chini ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kwa ukuzaji wa mara 3, jicho huona upana wa mita 12 hivi kwenye umbali wa mita 100. Kwa mara 10 upana huo hushuka hadi mita 4 au pungufu. Mnyama akitoka nyuma ya kichuguu umbali wa hatua 40, darubini inayoanzia mara 6 au 8 humwonyesha mwindaji kipande cha ngozi ya kahawia kisichojulikana kama ni bega au paja. Risasi ya namna hiyo ndiyo huacha mnyama aliyejeruhiwa akifia mbali. Namba ya chini basi isizidi 3 au 4. Kuhusu namba ya juu, ukuzaji wa mara 15 au 18 unatosha kabisa kwa ubao wa shabaha ulio mita 800. Mara 25 huonekana jambo kubwa dukani, lakini mwezi wa Agosti na Septemba, majani yakiwa yamechomwa na ardhi imepata moto, mazigazi ya mchana hutikisa taswira kiasi kwamba mpigaji hulazimika kurudi kwenye mara 12 ili aone chochote.

Mwanga una hesabu yake. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa duara la mwanga linaloingia kwenye jicho. Lenzi ya milimita 44 kwa ukuzaji wa mara 6 hutoa duara la milimita 7 hivi, ambalo linalingana na mboni ya kijana iliyofunguka kabisa gizani. Lenzi hiyohiyo kwa mara 15 hutoa chini ya milimita 3, kiasi kinachotosha juani lakini si alfajiri. Ndiyo sababu mwindaji hushusha ukuzaji giza linapokaribia. Kutokana na hesabu hiyo wengine huhitimisha kwamba lenzi ikiwa kubwa zaidi ni bora zaidi, wakaagiza ya milimita 56. Lenzi za ukubwa huo zilipendwa hasa Ujerumani na nchi jirani zake, ambako machweo huvuta muda mrefu na nguruwe pori huviziwa hata kwa mbalamwezi. Kolwezi iko karibu na nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Jua likizama, giza huingia ndani ya nusu saa. Dakika chache zinazookolewa na lenzi ya 56 hazilipi uzito wake, tena hulazimisha darubini ikae juu mno, shavu likose mahali pa kuegemea kwenye kitako. Milimita 42 hadi 50 zinatosha.

Kinachosaidia zaidi ni utando uliopakwa juu ya kioo. Uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma asilimia 4 hivi ya mwanga, na darubini ina nyuso nyingi, hivyo hasara hujumlishana. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi katika kampuni ya Zeiss, alipata njia ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza sana upotevu huo. Leo kila kampuni hutumia utando wa aina hiyo, ila si zote hupaka nyuso zote. Njia ya kupima ni rahisi: mnunuzi asijaribu darubini mchana mbele ya duka, aombe kuitazamia kivulini saa kumi na mbili jioni, akilinganisha mbili kwa ukuzaji uleule.

Mistari ya kulengea inaweza kuwekwa mahali pawili ndani ya mrija. Ikiwekwa kwenye fokasi ya kwanza, mistari hukua na kupungua pamoja na taswira, kwa hiyo vipimo vyake ni sahihi kwa ukuzaji wowote. Ikiwekwa kwenye fokasi ya pili, mistari hubaki na unene uleule siku zote, lakini vipimo vyake huwa kweli kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Wawindaji wa zamani hupenda ya pili kwa sababu msalaba wake huonekana vizuri kwa mara 3. Kwa darubini ya kazi mbili, ya kwanza ndiyo ya kuchagua, kwa sharti moja: nguzo za pembeni ziwe nene, na katikati kuwe na taa ndogo, kwa sababu kwa ukuzaji wa chini mistari myembamba humezwa na kivuli cha miti.

Vipimo hivyo huja kwa mifumo miwili. Dakika ya pembe ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja, nayo ni milimita 29 hivi kwenye mita 100. Mili moja ni sentimita 10 kamili kwenye mita 100, na mita 1 kamili kwenye mita 1,000. Mfumo wa kwanza umeenea kwa sababu ya yadi na inchi za Marekani na Uingereza. Kongo hupima kwa mita tangu enzi ya Wabelgiji, na hakuna sababu ya mpigaji wa Kolwezi kubeba hesabu ya inchi kichwani. Kwa mfumo wa mili, kila kliki moja ya kifundo husogeza risasi sentimita 1 kwenye mita 100. Muhimu ni kwamba mistari na vifundo viwe vya mfumo mmoja. Darubini yenye mistari ya mili na vifundo vya dakika ni mtego, na bado zinauzwa.

Vifundo ndivyo moyo wa kazi ya mbali. Risasi ya .308 Winchester yenye uzito wa gramu 11 hivi, ikitoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde na bunduki ikiwa imesawazishwa kwenye mita 100, hushuka chini ya mstari wa kulenga sentimita 13 kwenye mita 200, nusu mita kwenye mita 300, na karibu mita 3 kwenye mita 600. Kwenye mita 1,000 mshuko hufika mita 11 hivi, yaani mili 11. Mrija wa zamani wa milimita 25.4 mara nyingi una nafasi ya mili 15 hivi kutoka chini hadi juu, na nusu yake tu ndiyo hubaki juu ya usawazisho. Haifiki. Mrija wa milimita 30, ukifungwa juu ya reli iliyoinamishwa mbele kwa dakika 20, hufika bila shida. Ule wa milimita 34 huongeza nafasi na huongeza uzito. Mwindaji anayetembea kutwa ataujutia. Kifundo cha juu kiwe na kizuizi kinachokirudisha kwenye sifuri hata gizani, na kiwe na kufuli, maana kifundo kisichofungwa huzunguka chenyewe kikisuguana na begi au mlango wa gari.

Hapa urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari huingia katika hesabu, na ni jambo ambalo vijitabu vya watengenezaji hulipita haraka. Kolwezi iko kwenye mita 1,400 na zaidi. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi, na joto la mchana huipunguza tena. Hewa nyepesi haiizuii risasi sana kama hewa nzito. Bunduki iliyosawazishwa Dar es Salaam haitaonyesha tofauti ya maana Kolwezi kwenye mita 100, lakini kwenye mita 1,000 jedwali lilelile la pwani litapeleka risasi juu kwa zaidi ya mita 1. Jedwali la mishuko linapaswa kuandikwa kwa shinikizo la hewa na joto la hapahapa, kisha kuthibitishwa kwa risasi halisi.

Paralaksi ni kosa dogo linaloonekana pale jicho linapohama nyuma ya kioo na msalaba ukaonekana kuteleza juu ya shabaha. Darubini nyingi za uwindaji hurekebishwa kiwandani kwa mita 100 na haziguswi tena. Kwa shabaha za mbali, kifundo cha pembeni cha kuiondoa ni lazima. Porini kiachwe kwenye mita 100.

Umbali kati ya jicho na kioo usipungue sentimita 9. Anayetumia rifali ya kalibra .375 yenye mrusho mkali na darubini ya umbali mfupi ataondoka na jeraha juu ya nyusi.

Kisha kuna barabara. Darubini bora ikifungwa kwa bangili dhaifu ni fedha iliyotupwa, na hakuna kinachofungua skrubu kama njia za vumbi na mabonde kuelekea Lubudi au Mutshatsha. Bangili na reli ziwe za chuma au alumini nzuri, skrubu zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, na alama ya rangi ichorwe kwenye kila skrubu ili kulegea kuonekane kwa jicho. Ndani ya mrija kuwe na nitrojeni au agoni, gesi kavu zinazozuia ukungu, kwa kuwa alfajiri za Juni na Julai huwa na baridi kali na mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili. Vumbi jekundu la machimbo hukwaruza utando: hupulizwa kwanza, kisha huondolewa kwa brashi laini, na kitambaa huja mwisho.

Sheria nayo huamua mengi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo mpiga shabaha wa huko anaweza kununua chombo cha ubao peke yake. Nchini Kongo uwindaji huongozwa na Sheria namba 82-002 ya 28 Mei 1982 na hutaka kibali, mbali na kibali cha silaha. Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na ya Kundelungu, ya mwaka 1970, hazina ruhusa ya kuwinda, na ndimo walimobaki punda milia wa mwisho wa nchi.

Kwa kazi zote mbili katika ukanda huu wa machimbo ya shaba, chaguo linalosimama ni hili: ukuzaji wa 3-15 au 3-18, lenzi ya milimita 44 hadi 50, mrija wa milimita 30, mistari ya mili kwenye fokasi ya kwanza yenye taa, kifundo chenye kufuli na kizuizi cha sifuri, uzito usiozidi gramu 800. Pesa zikiwa chache, darubini rahisi ya 3-9x40 kutoka kampuni inayoaminika ni afadhali kuliko ya 6-24 ya bei hiyohiyo.

Sehemu ya fedha ibakizwe kwa ajili ya darubini ya mkononi. Misitu ya Lualaba ina watu: wachimbaji wa mikono wanaotoka kabla ya jua, wachoma makala, akina mama wanaookota uyoga na viwavi, vijana wanaofyatua matofali kwa udongo wa vichuguu. Risasi ya rifali inaweza kwenda zaidi ya kilomita 4. Darubini ya bunduki isitumiwe kamwe kutafutia kilichojificha majanini, kwa sababu popote inapotazama, mtutu nao umeelekea hapohapo.