Dawa Mbili Dhidi ya Mnyoo Mjeledi
Mnyoo mjeledi huchomeka ncha yake nyembamba katika utumbo mpana wa mtoto. Albendazoli, dawa igawiwayo shuleni, huwafukuza vizuri mchango, lakini mnyoo huyu haimwezi. Mwaka 2012, kisiwani Pemba, watafiti waliwagawa watoto 480 kwa bahati nasibu katika makundi manne, asipendelewe yeyote, kisha vinyesi vyao vikachunguzwa kwa hadubini kabla na baada ya tiba. Albendazoli peke yake iliponya watoto wapatao 3 katika kila 100; ilipotolewa pamoja na oksanteli pamoeti, walipona 31. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, 69 walibaki na minyoo. Basi dawa haihukumiwi kwa sifa zake, bali kwa kipimo.