Gikomba Kwanza, Lenana Baadaye

Wasee wengi hawajapanda Mlima Kenya juu wanaogopa bei ya gia, si mlima. Msee anaingia duka ya hiking kwa mall, anapata jaketi moja inakula rent ya miezi mbili, anarudi base kubonga vile hizo ni mambo za wazungu. Zii. Hiyo jaketi iko Gikomba, kwa soko ya mitumba, na imekuja kwa kontena moja na ile hudi umedunga saa hii.

Lakini tuelewane na baridi kwanza. Geti ya Sirimon, penye unaanzia, iko kama mita 2,650, na Point Lenana, kilele unalenga, ni 4,985. Kila mita 1,000 ukipanda, joto inashuka kama digrii sita hivi. Piga hesabu. Ikweta iko hapo tu kando na haikusaidii na kitu: alfajiri huko juu, maji inaganda kwa chupa ukiiangalia.

Na chenye humaliza watu si baridi peke yake, ni jasho. Mchana unapanda na jua, unaloa. Ukisimama dakika tano kupiga picha, upepo inakupata na tisheti imeshika maji yote. Pamba haikauki mlimani. So jinzi ibaki keja, hata kama luku ni moto kiaje.

Sasa Gikomba. Fika mapema, venye belo zinafunguliwa, uokote kamera, zile safi za kwanza, kabla wenye maduka wazipitie. Wachana na jina iko kifuani. Geuza nguo ndani nje, tafuta ile lebo ndogo kwa mshono wa ubavu. Ikisema cotton, rudisha kwa rundo. Ikisema wool ama polyester, anza kubagein. Unataka moja nyepesi ya kushika ngozi, moja ya manyoya-manyoya hapo kati, na ya juu ya kuzuia mvua na upepo. Unavua na kuvaa ukienda, haungoji hadi uloe. Ile jaketi nono ya manyoya ya bata si ya kutembea nayo. Ni ya jioni kwa kempi na ya usiku wa kilele. Ukiipata, finya na kiganja uachilie. Ikifura tena haraka, lipa. Ikibaki mabonge-mabonge, hiyo ilishachapwa na mashine ya kufua.

Kwa ndula, maze, hapo chunga kabisa. Buti za mtumba hukaanga zinameremeta juu, ngozi safi, kamba mpya, na chini zimeshadedi. Kati ya ngozi na soli kuna ile povu laini ya kushika mguu, na hiyo hulika na unyevu wa hewa pole pole, hata kama buti ilikuwa imelala kabatini Ujerumani. Weka kucha hapo, bonyeza na nguvu. Ikimomonyoka kama mandazi ya juzi, shukuru muuzaji uende. Ikiwa ngumu, kunja buti mara kadhaa ukiangalia gundi pande zote. Halafu idunge wiki mbili tatu mtaani, kwa mat, kwa nduthi, hadi ikuzoee. Soli ikiachana na wewe pale juu ya kempi ya Shipton's, hakuna fundi wa viatu.

Zingine ni ndogo: marvin, glavu, soksi za sufu mbili, moja ikiwa ya kulala tu. Tochi ya kichwa lazima, juu safari ya kilele inaanza kama saa nane ama tisa usiku. Begi ya kulalia kodisha kama hauna doo. Hiyo si ya kubahatisha. Nguo kavu zifunge na ile nailoni nzito ya hadwea inauzwa na mita. Na usibebe chupa za maji za kutupa, tangu Juni 2020 haziruhusiwi ndani ya mbuga.

Usiku pale Shipton's, karibu mita 4,200, lala na simu ndani ya begi ya kulalia, juu baridi hunyonya chaji. Chupa weka kichwa chini: barafu inaanza upande wa juu, so asubuhi mdomo bado unafunguka.

Kitu ya mwisho, na hii wasee huruka. Kabla mtoke getini, cheki pota amedunga nini. Kuna mtu anabeba mzigo yako hadi baridi ya sifuri akiwa na sweta moja na raba zimetoboka. Uliza kampuni inakupandisha mapema, kabla ulipe, kama wanawapea jaketi na begi za kulalia. Wakianza kuzunguka-zunguka na jibu, peleka ganji yako kwingine.