Mkanda Pekee si Dawa ya Mgongo

Barabara ya kuteremka kilima cha Nyanchwa hadi mjini Kisii hupitiwa na mizigo ya kila namna. Kuna mikungu ya ndizi inayopelekwa soko la Daraja Mbili, magunia ya viazi, na watoto waliolemewa na mikoba ya vitabu. Jioni mizigo hutuliwa, lakini mgongo huendelea kulalamika.

Wasiobeba mizigo pia hawajasalimika. Karani anayeketi tangu asubuhi, fundi wa cherehani, mchuma majani chai wa Nyamira na mchongaji wa mawe wa Tabaka wote hushinda wameinama. Mwaka wa 2020, watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Mgongo ulivyoundwa

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazosogea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake kuna nyingine zilizoungana. Kati ya pingili hizo mna diski, yaani vipande vya gegedu vinavyofanya kazi kama mito. Misuli ya mgongo na ya tumbo huusimamisha uti huo kama kamba zinavyoshikilia mlingoti.

Ukiinama kwa muda mrefu, diski hubanwa upande wa mbele na misuli ya nyuma huvutika hadi ichoke. Ubaya hauko katika kuinama kwenyewe bali katika kukaa hivyo kwa saa nyingi bila kubadilisha mkao.

Mkanda na kitanda

Wagonjwa wengi huja wakiwa wamekwisha kununua mkanda wa kiunoni. Mwezi wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo haukupendekeza mikanda iwe tiba ya kawaida, bali ulihimiza mazoezi na mafunzo ya kujitunza. Kulala kitandani siku nyingi hakufai pia, kwa sababu misuli hudhoofika. Maumivu mengi ya kawaida hupungua katika muda wa wiki 6 ikiwa mgonjwa ataendelea na shughuli zake kwa kiasi.

Basi, fanya hivi:

1. Inuka kitini kila baada ya nusu saa, utembee kidogo na kujinyoosha.

2. Ketia kiti kinachowezesha nyayo zako kukanyaga sakafu. Kama kiuno kinabaki wazi, weka leso iliyokunjwa nyuma yake.

3. Unapoinua mzigo, kunja magoti, usogeze mzigo karibu na mwili, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Usijipinde ukiwa umeubeba.

4. Gawa mzigo mzito mara mbili. Mkoba wa mtoto wa kilo 30 usizidi kilo 3 hivi, naye auvae mabegani kote kuwili.

5. Tembea kwa miguu karibu kila siku. Milima yetu ni mazoezi ya bure.

Usimeze dawa za kutuliza maumivu mfululizo bila ushauri wa daktari, kwani baadhi yake huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Usingoje

Kuna maumivu ya mgongo yasiyotokana na mkao. Kifua kikuu huweza kuingia katika pingili za uti na kuzila. Dalili zake ni maumivu yanayozidi polepole, homa, jasho la usiku na kukonda. Mgongo ukianza kutokeza kibiongo, hasa kwa mtoto, usidhani ni tabia ya kujikunja. Mpeleke hospitali mara moja, kwa maana akichelewa anaweza kupooza miguu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali nchini Kenya.

Nenda hospitali siku iyo hiyo pia ikiwa miguu inalegea, mapajani kwa ndani kumekufa ganzi, mkojo umezuilika au huwezi kujizuia haja. Hiyo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imebanwa, na kila saa inayopita hupunguza matumaini ya kupona kabisa.